Somo: Umepata barua za vyuo vya usanifu majengo nje ya nchi? Anza kuchagua kutoka mwisho

Kila msimu wa maombi vijana huniandikia wakiwa na barua mbili au tatu za kukubaliwa, wakiuliza chuo kipi ni bora. Siwezi kujibu kabla sijajua mtu anataka kufanyia kazi wapi. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Amua utasajiliwa wapi

Tanzania usajili wa wabunifu majengo uko chini ya bodi iitwayo AQRB, Kenya ni bodi ya BORAQS. Iandikie bodi kabla hujalipa chochote. Taja chuo, jina kamili la shahada na miaka yake, uombe jibu la maandishi. Kipimo kizuri cha kuanzia ni mkataba wa elimu ya usanifu wa UNESCO na UIA (umoja wa kimataifa wa wabunifu majengo), unaotaka masomo ya muda wote yasiyopungua miaka mitano.

Hatua ya 2: Soma jina la shahada herufi kwa herufi

Hapa ndipo wengi tunaumia. Marekani, shahada ya kitaaluma ni ile yenye ithibati ya NAAB, bodi yao ya kuthibitisha shahada za usanifu: B.Arch (shahada ya kwanza), kwa kawaida miaka mitano, au M.Arch (uzamili). Ile ya miaka minne iitwayo B.S. in Architecture haimo, hata kama chuo ni kilekile. Uingereza njia iliyozoeleka imekatwa vipande: Part 1 miaka mitatu, mwaka mmoja wa kazi ofisini, Part 2 miaka miwili, kisha Part 3, mtihani wa mwisho wa kitaaluma.

Mimi wakala aliniapia kwamba miaka mitatu inatosha. Nilirudi nyumbani na cheti changu, nikafungua faili mezani kwenye ofisi ya bodi, ofisa akahesabu miaka kwa ncha ya kalamu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akalifunga, akanirudishia kwa upole. Nilirudi darasani miaka miwili zaidi, nikamwacha mwanangu wa miezi saba kwa mama yangu. Sitaki yakukute.

Hatua ya 3: Piga hesabu nzima

Ada ni mwanzo tu. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwa viza ya Ujerumani unaweka fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu, unazitoa kidogo kidogo kila mwezi. Septemba 2024 kiwango kilipanda hadi euro 11,904 kwa mwaka.

Halafu kuna studio, yaani darasa la kubuni kwa vitendo. Kadibodi, gundi, mbao laini za modeli, kuchapisha karatasi za A1, na kurudia modeli nzima usiku kwa sababu mwalimu kasema ngazi haziko sawa. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, muulize muhula uliopita alitumia kiasi gani. Yeye atakwambia ukweli.

Hatua ya 4: Tazama kazi za wanafunzi wa kawaida

Acha za washindi. Angalia kama kuna anayefikiria jua kali, mvua na upepo. Mbunifu majengo wetu Beda Amuli alisoma chuo cha Technion, Haifa, Israeli, akarudi kutubunia Soko la Kariakoo: miavuli ya zege juu, kivuli na hewa chini yake. Uliza kama studio itakuruhusu kuchagua kiwanja cha kwenu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Sikusoma sanaa, potifolio (mkusanyo wa michoro yangu) nitaitoa wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Chukua futi, pima nyumba unayoishi. Chora ramani yake, kisha mkato, yaani nyumba kama imekatwa wima, unaoonyesha paa na baraza, kisha mama anapokaa kupika saa kumi jua likiwa upande ule. Penseli inatosha. Walimu wanatafuta jicho linaloona.

*Dada, naweza kusoma Ulaya kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza?*

Inategemea nchi. Chuo cha TU Delft, Uholanzi, shahada ya kwanza ya usanifu hufundishwa Kiholanzi na ya uzamili Kiingereza. Chuo cha Weimar, Ujerumani, ya kwanza ni Kijerumani. Kama lugha huna, fikiria kuanzia Chuo Kikuu Ardhi au Nairobi, utoke kwa uzamili.

*Nimeshalipa amana ya programu ya miaka mitatu. Nimepotea?*

Hapana, kaka. Waulize leo kama uzamili wao unakamilisha mafunzo ya kitaaluma na kama nafasi yako ni ya uhakika. Majibu yao yapeleke bodi, na TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) nao uwaulize kuhusu kutambuliwa kwa shahada. Usikate tiketi kabla hawajajibu.