Kupiga hema Corsica: angalia upepo kwanza, mandhari baadaye

Kama unapanga kulala kwenye hema Corsica, kisiwa cha Ufaransa katika Mediterania, pwani ya magharibi ndiyo yenye mandhari ya kukata na shoka, hasa Ghuba ya Porto, yenye majabali mekundu ya Piana yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 1983. Lakini upande huohuo ndio unaopokea pepo kali za Libeccio na Mistral. Kwa hiyo achana na kiwanja kilicho wazi ukingoni mwa bahari. Omba cha juu kidogo mlimani, chini ya mizeituni: bahari utaiona yote, na hema halitang'oka usiku. Mti ukiwa upande wa mashariki ni bora zaidi, maana jua la Julai likipiga hema asubuhi, humo ndani hakukaliki. Ardhi ni ya mawe, beba vigingi vya chuma na nyundo ndogo.

Kulala porini hairuhusiwi, tumia kambi rasmi. Na tafadhali sana, usiwashe moto wa kuni. Vichaka vya kule hukauka kabisa kiangazi, na cheche moja huteketeza mlima mzima.