Mkienda USS Midway na watoto, anzeni juu

Tumerudi majuzi kutoka USS Midway, manowari ya kubeba ndege iliyo makumbusho pale San Diego, Marekani, tangu 2004. Fikeni inapofunguliwa, saa 4 asubuhi, na msisimame kwenye ukumbi wa ndege mnakoingilia, hata watoto wakivutwa na zile ndege za kukalia. Pandeni moja kwa moja hadi sitaha ya kurukia, mpange foleni ya kuingia mnarani, alipokuwa nahodha akiongozea meli. Humo watu huingizwa kwa makundi madogo kwa sababu ngazi ni nyembamba na zimesimama wima, kwa hiyo foleni ikishakua haipungui upesi. Isitoshe, juu hakuna kivuli, na ile sitaha ina urefu wa mita 300 hivi. Mchana watoto huchoka kabla hawajazungushwa nusu yake. Jua likipanda, ndipo mshuke chini kwenye vitanda vya mabaharia, jiko na chumba cha injini. Wanangu walipapenda huko kuliko ndege zenyewe!

Mpango huu haufai mkiwa na mtoto wa kubebwa: mzazi mmoja abaki naye chini, kisha mpokezane. Kigari cha mtoto nacho ni mzigo, maana milango ya chuma ina vizingiti virefu. Na mkichelewa hadi adhuhuri, geuzeni: anzeni chini, juu mwende alasiri.