Jinsi ya kujua kama serikali imeongeza watoto au imewasogeza tu

Shemeji yangu ana kinyozi Umoja, Nairobi, na kila nikipita pale namkuta mtu akiapa kwamba serikali ikitoa pesa watu watazaa, ikikataza wataacha. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Hungary: eti mama wa watoto wanne halipi kodi ya mapato, na sasa watoto wamejaa. Mimi nilikuwa karani wa sensa ya 2019 huko Kayole, nikibisha milango na tableti mkononi, kwa hiyo kunyamaza hunishinda. Kauli kama hiyo naipima hivi. Utahitaji kalamu, karatasi na bando kidogo.

Kwanza uliza ni namba gani inayotajwa. Watoto waliozaliwa mwaka fulani wanaweza kuwa wengi kwa sababu tu wasichana waliozaliwa kwa wingi miaka 25 iliyopita wamefika umri wa kuzaa. Unachotafuta ni kiwango cha uzazi: wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja angezaa maishani, iwapo wanawake wa kila umri wangeendelea kuzaa kama wanavyozaa sasa. Hilo "iwapo" lisome mara mbili. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishi maisha hayo; ni picha ya leo iliyovutwa hadi ikawa maisha mazima.

Chora ploti yenye vyumba vitatu. Mama wa chumba cha kwanza anapanga kuzaa mwakani, wa pili mwaka unaofuata, wa tatu mwaka wa baada ya huo. Kisha serikali itangaze zawadi kwa mtoto wa mwakani peke yake. Wote watatu wanazaa mwakani, redio zinatangaza kwamba uzazi umepanda mara tatu, halafu miaka miwili ploti haisikii kilio cha mtoto. Watoto ni walewale watatu. Wamesogezwa, hawakuongezwa.

Australia walifanya jambo hili wazi kabisa. Mwaka 2004 walitangaza dola 3,000 kwa kila mtoto atakayezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai. Siku hiyo walizaliwa watoto wengi kuliko siku yoyote ya miaka 30 iliyotangulia. Mimba zilikuwa tayari tumboni. Kilichobadilika ni tarehe ya upasuaji na ya kuanzishiwa uchungu. Sweden ilichukua muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1980, mama aliyempata mtoto wa pili upesi aliendelea kupokea malipo ya likizo ya uzazi kwa kiwango cha juu, na kufikia 1990 kiwango cha uzazi kilikuwa kimepanda hadi takribani 2.1. Mwaka 1999 kilikuwa 1.5. Uchumi nao ulikuwa umeyumba katikati, sikatai, lakini sehemu ya kile kilima ilikuwa watoto waliowahishwa.

Kwa hiyo usimpe mtu ushindi kwa mwaka mmoja au miwili. Tafuta wanawake wa miaka 40 hadi 49 uone wamezaa wangapi hadi sasa. Hao karibu wote wamefunga hesabu.

Pili, kunja shingo utazame nyuma. Kabla ya tarehe ya sera, mstari ulikuwa unaelekea wapi? Watu wa kinyozi wakitaja China hutaja mtoto mmoja tu. Lakini kiwango cha China kilishuka kutoka zaidi ya 5 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 3 mwaka 1979, kabla amri ya mtoto mmoja haijaenea nchi nzima. Miaka hiyo ya mwanzo serikali iliwahimiza watu kuchelewa kuoa, kupishanisha watoto na kuzaa wachache. Na walipofungua mlango wa watoto wawili mwaka 2016, watoto waliongezeka kidogo mwaka huohuo, kisha wakaanza kupungua tena.

Tatu, uliza sera imemfikia nani. Hapa ndipo mimi hubishana hadi nywele za mteja zikakatwa vibaya. Kenya ilianza mpango wa taifa wa upangaji uzazi mwaka 1967. Miaka 10 baadaye, utafiti wa 1977 na 1978 ulikuta kiwango cha uzazi ni takribani 8. Mama yangu alizaa wanane Machakos katika miaka hiyohiyo, na anasema hakuwahi kusikia kwamba kuna mpango. Karatasi ilikuwa Nairobi, kliniki ilikuwa mbali. Leo likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara, na ya baba wiki mbili, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Mwambie hayo mama mboga wa Kayole. Mwambie shemeji yangu. Atakuuliza nani atamlipia pango la kinyozi hizo wiki mbili.

Usisahau pia kwamba sheria ni moja lakini kaunti ni 47. Utafiti wa afya na uzazi wa 2022 uliipa Nairobi 2.5 na Mandera 7.7.

Nne, hakikisha unalinganisha ardhi ileile. Kiwango chetu kilikuwa 4.7 katika utafiti wa 1998, kikawa 4.9 mwaka 2003, na watu wakaulizana nini kimeharibika. Utafiti wa 1998 haukufika Kaskazini Mashariki; wa 2003 ulifika. Hata ukiitoa sehemu hiyo, mteremko ulikuwa umekwama kweli, ila si kwa ukubwa huo. Halafu angalia namba inasimulia miaka ipi: ile 3.9 ya 2014 inahusu miaka mitatu kabla ya utafiti, kwa hiyo usiitumie kupima huduma ya kujifungua bila malipo iliyoanza Juni 2013. Ichukue kama namba ya kabla, uilinganishe na 3.4 ya 2022. Kujifungua bure hakukutuletea mafuriko ya watoto. Kilichopanda ni kujifungulia kwenye vituo vya afya, kutoka asilimia 61 hadi 82.

Na kama sera ni ya mabavu, tafuta gharama yake kwenye safu nyingine ya jedwali. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966, na mwaka uliofuata kiwango kikaruka kutoka takribani 1.9 hadi 3.7. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimerudi karibu na 2, kwa sababu watu walipata njia za uchochoroni. Wanawake wengi walikufa katika njia hizo.

Hungary sasa. Nilimchorea shemeji mstari nyuma ya risiti: takribani 1.2 mwaka 2011, 1.6 mwaka 2021, karibu 1.4 mwaka 2024. Alitazama akasema wale wa 1.4 hawajaelezwa vizuri kuhusu hiyo kodi. Nikampigia mama simu palepale, nikaweka spika, nikamuuliza kwa nini yeye alizaa wanane nami nimeishia wawili. Akajibu, "Si nyinyi huko mnanunua hata maji?"