Unasomea shahada ya ustawi wa jamii? Anza na daftari

Niko ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na kila mwaka napokea wanafunzi wa shahada wanaokuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nadharia wanazo. Lakini mpe mmoja wao mama aliyekuja kulalamika kwamba baba wa mtoto hatoi matunzo, ataandika kurasa mbili ambazo hakimu hawezi kuzitumia. Kwa hiyo, mdogo wangu, uwe Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu Huria, jifunze kuandika tangu mwaka wa kwanza.

Gawa ukurasa mara tatu: ulichokiona mwenyewe, ulichoambiwa na aliyekuambia, kisha unachofikiri. "Mama ni mzembe" hiyo si taarifa. "Mtoto wa miaka minne, amekuja peku, bibi yake anasema hajala tangu jana mchana" hiyo ni taarifa. Maneno mazito ya mteja yaandike kama alivyoyatamka, usiyapambe. Mtoto akae na nani, huenda ikaamuliwa kwa kutazama karatasi yako.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 isome yote, usingoje mhadhiri aifikie. Humo utakuta kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mwananchi mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa ana wajibu wa kuzifikisha serikali za mitaa. Ongeza Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kila kifungu kisome ukiwa na kisa kichwani: huyu binti wa kazi aliyepigwa, sheria inamlinda wapi? Nadharia nazo zisome hivyo hivyo. Ukifika kwa Bronfenbrenner, mwanasaikolojia aliyemtazama mtoto ndani ya mazingira yanayomzunguka, mchore mtoto mmoja unayemfahamu, bila jina: nyumbani, shuleni, mtaani, kazi ya mzazi. Takwimu usizikimbie, utazihitaji kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho.

Fildi ndiyo shahada yenyewe. Wengi hung'ang'ania mashirika ya mjini. Mimi nasema angalau mara moja nenda halmashauri au hospitali ya wilaya. Hospitalini utakutana na mgonjwa anayeomba msamaha wa gharama za matibabu na mzee ambaye ndugu hawajaja kumchukua. Halmashauri itakupeleka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mahakamani, na kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye mara nyingi anaijua familia kuliko jalada lako.

Unapohoji, usimhoji mteja kwenye benchi la foleni. Tafuta chumba, hata kama ni stoo. Akinyamaza, mwache anyamaze. Na usimwahidi kwamba kila atakalosema litabaki kati yenu: mwambie mwanzoni kabisa kwamba mtoto akiwa hatarini utalazimika kutoa taarifa. Ukikaa kimya hadi aseme ndipo umgeuke, hatakuamini tena, na mtaa mzima utasikia.

Hela ya bumu, yaani ya mkopo wako wa masomo, usimpe mteja. Najua inauma, hasa akiwa na mtoto mgongoni. Lakini kesho atarudi kwako badala ya kwenda kwenye huduma anayostahili, na wewe utaondoka baada ya wiki chache. Mpeleke mwenyewe mpaka mlango wa ofisi inayohusika, umtambulishe kwa jina la afisa. Kisa kikikunyima usingizi, mweleze msimamizi wako asubuhi yake. Ni sehemu ya kazi yake kukusikiliza.

Fildi ikikaribia kuisha, waage wateja wako wiki moja kabla, na kila mmoja mwambie nani atashika jalada lake. Kisha kaa na huyo afisa, mpitie majalada yote pamoja, ukionyesha lipi lina tarehe ya mahakama na nani bado hajatembelewa nyumbani.