Kukinga bwawa la perege dhidi ya dawa ya mikorosho

Bwawa la mita 10 kwa 20, kina mita 1, lina lita 200,000. Mililita 4 tu za lambda-sihalothrini ya asilimia 5, dawa ya kuua wadudu wa mikorosho, zikisambaa humo hufikisha mikrogramu 1 kwa lita, kiwango kinachoweza kuua samaki. Hiyo haijazi kijiko cha chai! Dawa hupita kwenye matamvua, huvuruga neva, na mwili wa samaki huivunja polepole mno.

Kwa hiyo, kabla ya kupulizia mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi), funga mfereji unaoingiza maji. Pulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia, na mikorosho iliyo karibu na bwawa iache kabisa. Upande wa juu wa bwawa inua tuta, na kati yake na mikorosho acha ukanda wa majani wenye upana wa mita 10 hivi. Bomba la kupulizia lisuuzie shambani. Kulisuuza mtoni, hata Lukuledi yenyewe, ni kosa baya.

Samaki wakihema juu alfajiri kisha wakatulia jua likipanda, huenda ni upungufu wa oksijeni. Wakizunguka, wakilala ubavu na kutetemeka saa yoyote, na wadudu wa majini wamekufa, shuku dawa. Acha kulisha, ingiza maji safi taratibu bila kuvuruga tope, maana dawa hii hunata humo. Maji ya bwawa yasitoke kwenda kijitoni. Waliokufa wafukie mbali na kisima, usiwauze wala kuwala, kisha mwite afisa uvuvi.