Kuokoa hesabu za duka kabla programu ya zamani haijazimika

Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, Pemba. Hesabu zake za miaka 9 zimo kwenye kompyuta moja ya mezani, ndani ya programu ambayo walioitengeneza wameshaiacha mkono. Hayuko peke yake: Intuit, wenye programu ya hesabu ya QuickBooks, nao waliacha kuuza usajili mpya wa QuickBooks Desktop Pro Plus na Premier Plus kule Marekani baada ya tarehe 30 Septemba 2024. Nimekaa naye siku tatu, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Nakili folda nzima ya data kwenye flash mbili kabla hujagusa chochote. Moja isilale dukani. Ya ami iko Wete kwa dada.

2. Toa PDF za kila mwaka: leja kuu, urari, wadeni, wadai, stoo. TRA (Mamlaka ya Mapato) wanataka kumbukumbu zikae angalau miaka 5, basi usianzie mwaka jana.

3. Toa data yenyewe kwa CSV. Hapa nilipoteza siku nzima.

CSV ni maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa mkato tu. Mimi nikalibofya faili mara mbili, likafunguka kwenye Excel, nikaona safu zimekaa vizuri, nikahifadhi. Kumbe Excel imeshakisia yenyewe kipi ni namba na kipi ni tarehe. Simu za 0777 zimebaki 777. Kontroli namba (za malipo ya serikali) za tarakimu 12 zimekuwa 9.91E+11, na ukishahifadhi CSV hivyo, tarakimu zilizofichika hazirudi tena. Tarehe ndizo zilizoniponza zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani. Kompyuta ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele. 25/08 iliachwa ilivyo, maana hakuna mwezi wa 25, lakini 05/08/2019, yaani Agosti 5, ikasomwa Mei 8. Mistari niliyoitazama ilikuwa ya mwisho wa mwezi, nikaridhika. Ami ndiye aliyeshtuka: "Wee, mabati mia na ishirini Mei? Masika hayo, tena Ramadhani, nani alikuwa anaezeka?"

Kwa hiyo usibofye. Natumia LibreOffice Calc: ni ya bure, na kabla ya kufungua CSV inakuuliza kwanza. Kwenye aina ya herufi chagua UTF-8. Safu za simu, namba za hati na kontroli namba zipe aina ya maandishi. Ya tarehe iambie siku-mwezi-mwaka. Fanyia kazi nakala, CSV ya asili usiiguse.

Kisha linganisha mauzo na PDF mwezi kwa mwezi. Jumla ya mwaka itakudanganya: tarehe zikigeuka ndani ya mwaka uleule fedha ni zilezile, zimehama mwezi tu. Mimi jumla ya mwaka ilikubali hadi shilingi ya mwisho, na data ilikuwa mbovu.

4. Geuza diski ya kompyuta ya zamani iwe faili moja kwa programu ya Disk2vhd, uifungue ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta), intaneti ukiwa umeizima. Leseni huenda ikadai usajili upya, kwa hiyo usiitegemee hatua hii peke yake.

5. Programu mpya ni hiari yako, ila kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutolee CSV hapohapo mbele yako. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Ami bado hajachagua. Madeni ya mafundi anaendelea kuyaandika kwenye daftari lake la jalada jekundu, nami sikubishana naye.