Paa la fremu ya duka linavuja na mwenye nyumba hajali: fuata hatua hizi

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla karibu na Mwaloni, Kirumba. Mvua ya usiku mmoja ilipita kwenye tundu la bati ikalowesha viroba vinane. Ukizamisha mkono kwenye kiroba cha dagaa waliolowa unakuta katikati pana joto, na ukiwatoa wamegandana, harufu imeshageuka. Hao ni wa kuku tu, kwa bei ya kutupa. Mwenye nyumba alishaambiwa mara nne, zote kwa mdomo. "Mwanangu, alinijibu ningoje mvua ziishe." Mvua zikiisha, nani atakumbuka bati?

Nimepanga fremu Mwanza miaka mingi na hili limenipata mimi mwenyewe. Fanya hivi.

1. Jua kipi ni chake, kipi ni chako

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113 (ni Sheria Na. 4 ya 1999), inaweka wajibu kwenye mkataba wa pango hata kama hamkuuandika. Ukipanga sehemu tu ya jengo, kama sisi wenye fremu, mwenye jengo ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, pamoja na korido na huduma mnazotumia wote. Kitasa chako na balbu yako usimpelekee. Ukiona mkataba una sentensi kwamba matengenezo yote ni juu ya mpangaji, onana na wakili kwanza kabla ya kuandika chochote.

2. Endelea kulipa pango

Najua inauma. Lakini ulinzi wa sheria unasimama kwa mpangaji anayelipa. Siku ukigoma, kesi ya paa inageuka kuwa kesi ya deni lako, na yeye ndiye mlalamikaji. Vilevile usiezeke kwa hela yako ukakata kwenye pango, isipokuwa amekubali kwa maandishi. Lipa kwa benki au kwa simu. Fedha taslimu mkononi mwa dalali siikubali hata kidogo.

3. Piga picha

Tundu, maji yanayotiririka, mali iliyoharibika, na mizani ikionyesha kilo. Usiifute kwenye simu iliyopiga.

4. Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Taja fremu, tarehe ulizomwambia kwa mdomo, uharibifu uliopo, unachotaka kifanyike, na muda. Mimi hutoa siku 14. Usimtukane wala kumtisha. Toa nakala mbili, asaini ya kwako kwamba amepokea. Akikataa, tuma kwa EMS ya Posta utunze risiti, kisha mpelekee na WhatsApp. Ujumbe wa simu unakubalika kuwa ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila utatakiwa kuonyesha ulitoka kwenye simu gani na kwamba haukuchezewa. Ndiyo maana karatasi yenye saini naipenda zaidi.

5. Lipia mkataba ushuru wa stempu

Hapa ndipo nilipokwama mimi. Nilikuwa na picha, barua na risiti zote. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili akasimama akapinga mkataba wangu usipokelewe kwa sababu haukulipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali inayolipwa kwa hati kama mkataba. Na alikuwa sahihi: chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati inayotakiwa kulipiwa isipolipiwa haipokelewi kama kielelezo. Shauri likaahirishwa, nikaanza safari za TRA (Mamlaka ya Mapato) huku maji yakiendelea kuingia dukani.

Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Fremu ya 300,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka, kwa hiyo unalipa 36,000. Muda wa kulipa ni siku 30 tangu mkataba usainiwe. Ukichelewa kuna adhabu, lakini ukishalipa vyote viwili mkataba unapokelewa. Basi lipa hata kama umechelewa miaka miwili, na ulipe kabla hujafungua shauri.

Nenda na mkataba halisi, usiende na fotokopi. Mimi niliulizwa pia TIN (namba ya mlipakodi) ya mwenye nyumba, nikapoteza siku nzima kuitafuta. Kila mkataba mnaouhuisha ni mkataba mpya, nao ulipiwe. Angalia aliyesaini: kama ni msimamizi, mkataba uonyeshe anasaini kwa niaba ya nani, la sivyo mwenye jengo atasema hakujui. Kilemba (hela ya kuachiwa fremu, mbali na pango) ulichotoa na hakikuandikwa popote, kukidai ni kazi ngumu sana.

Halafu kuna kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango anapaswa kukata asilimia 10 na kuiwasilisha TRA. Wenye nyumba wengi hawaipendi, lakini cheti chake kinathibitisha kwamba wewe ni mpangaji na unalipa kiasi gani. Kwangu cheti hicho kina uzito kuliko shahidi.

6. Baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Usiruke kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, lakini Baraza la Wilaya linataka uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda mbele. Omba amri ya matengenezo, na fidia ya mali yenye hesabu: kilo, bei ya kununulia, risiti za mashine ya EFD. Ukikaa ukitazama mali ikilowa, fidia itapunguzwa, kwa hiyo nunua chaga na turubai leo na utunze risiti.

Mama wa Kirumba yuko hatua ya nne. Barua ilisainiwa Jumatatu, viroba vyake viko juu ya chaga, na kesho asubuhi tunakwenda TRA na mkataba wake.